Ndimu kwenye Kibaraza cha Neru

Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kilikuwa kikikwangua ndani ya birika, na sauti yake ikamwamsha Hasina kabla ya adhana ya alfajiri. Aliifahamu sauti hiyo vizuri. Maji ya kisima cha Mwabungo yana chumvichumvi, na kila yanapochemshwa huacha ndani ya birika utando mweupe, mgumu kama ukoko wa wali. Kila Ijumaa jioni Bibi Mwanaima hutia maji ya ukwaju ndani ya birika na kuyaacha yalale humo. Kufikia alfajiri ukali wa ukwaju huwa umeulegeza ule utando, na kazi inayobaki ni ya kijiko.

Kazi ya kijiko ilikuwa ya Hasina. Tangu alipokuwa mdogo, hajajua hata kujifunga kanga vizuri, yeye na Bibi waliamka pamoja kila Jumamosi, Bibi akawasha moto naye akakwangua birika. Leo yeye yuko kitandani, na kijiko kinakwangua. Alipapasa shuka. Upande wa Bibi ulikuwa mtupu. Katikati, alipolala mgeni, palikuwa patupu vilevile. Hasina peke yake ndiye aliyesalia, kabanwa ukutani. Kutoka jikoni akasikia kicheko cha Bibi, kile kicheko chake cha chini chini, kisha kicheko cha mtoto mwingine.

Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Mgeni huyo aliitwa Kalondu. Alikuwa na miaka kumi na miwili kama Hasina. Kwao ni juu, Shimba Hills, ambako babu yake alihamia kutoka Ukambani akapanda michungwa na mindimu. Mama yake, Nzisa, alimuuzia Bibi matunda sokoni Ukunda kwa muda mrefu hata wakazoeana kama ndugu. Likizo ya Agosti ilipoanza, Nzisa alilazwa hospitalini Msambweni kwa upasuaji wa mguu. Bibi alipopata habari hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe akamchukua Kalondu akae Mwabungo, ili kila alasiri aweze kumpelekea mama yake uji. Usiku wa kwanza mtoto alilia kimya kimya, mgongo ukitetemeka, na Bibi akamvuta karibu yake. Tangu siku hiyo katikati ya kitanda pakawa pake.

Hasina hakusema kitu. Ila kila jambo alilofanya Kalondu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kalondu akifagia uwanja, Bibi husema, "Ahsante, mwanangu." Kalondu akikosea kuamkia, akasema "Habari ya asubuhi, Bibi" badala ya shikamoo, Bibi hucheka na kumfundisha taratibu. Hasina angekosea hivyo angetazamwa kwa jicho moja tu likatosha. Na mwanangu lilikuwa neno lake Hasina, ambaye mama yake alifariki angali mchanga na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Asubuhi hiyo alipotumwa dukani kununua sabuni, alimkuta Esha, rafiki yake wa darasani, ameegemea kaunta.

"Naona Bibi yako amepata mjukuu mpya," Esha alisema akitabasamu. "Jana nimewaona njiani wameshikana mikono. Wewe sasa ni nani pale kwenu, mpangaji?"

Hasina alicheka ili asionekane ameumia. Lakini njia nzima ya kurudi lile neno mpangaji lilimfuata nyuma kama mbuzi aliyekata kamba.

Walipokwisha kunywa chai walipanda tuktuk wote watatu kwenda Galu. Huko Bibi alikuwa akitunza nyumba ya wageni ya Bi Twaiba, nyumba ya zamani iliyo karibu na ufuo. Wageni kutoka Nairobi walitarajiwa alasiri ile. Kalondu alipakata kapu la ndimu zilizoletwa kutoka shambani kwao, na tuktuk nzima ikanukia.

Nyumba ya Bi Twaiba ilikuwa na sifa yake. Marehemu baba yake, aliyekuwa fundi, aliijenga kwa mawe ya matumbawe, na bafuni hakuweka vigae. Alipaka neru, lipu ya chokaa inayosuguliwa siku nyingi kwa jiwe laini mpaka ikawa nyororo na nyeupe kama yai lililomenywa. Sinki la kila bafu liliwekwa juu ya kibaraza cha neru hiyo. Wageni walipoingia hawakuacha kukipapasa kwa viganja.

Shida ya nyumba ilikuwa maji. Yalitoka kisimani kwa pampu, na kila tone lililokauka juu ya mfereji wa sinki liliacha doa jeupe. Madoa yakikaa hugeuka kuwa gamba. Mifereji hupauka kama miguu isiyopakwa mafuta, na shawa huziba matundu mpaka maji yanarukia ukutani badala ya kumwangukia mtu. Dawa kali za dukani Bibi hakuzitaka, kwa maana moshi wake ulimbana kifua. Yeye alitumia ndimu.

Bibi aliwasimamisha mlangoni mwa bafu la kwanza. Alimwambia Hasina kwamba yeye sasa ni mwenyeji wa kazi hiyo, basi amfundishe mwenzake, naye Bibi ataanza na vitanda. Akapiga hatua mbili, kisha akageuka.

"Na umwambie habari ya neru kabla hajashika ndimu," alisema. "Usisahau, Hasina."

"Sawa, Bibi."

Hasina aliianza kazi yake, na kwa kuwa aliipenda, aliifundisha vizuri. Alikamua ndimu ndani ya bakuli, akalowesha kitambaa, akakizungusha kwenye shingo ya mfereji kama mtu aliyefungwa kitambaa kwa sababu ya kikohozi. Alieleza kwamba ndimu haitaki haraka. Iache ikae mpaka vyumba vifagiliwe, ndipo gamba litakapolegea. Kisha husuguliwa kwa mswaki mkuukuu, si kwa kisu wala kwa mchanga, maana hivyo huukwaruza mfereji na uchafu ukapata mahali pa kushika. Kichwa cha shawa alikifungua, akakiloweka katika bakuli la siki. Akamalizia kwa lile ambalo Bibi hulirudia kila mara: ukisha kusuuza, futa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu gamba huzaliwa na tone lililoachwa likauke.

"Shuleni tulisoma haya," Kalondu alisema, macho yakimng'aa. "Mwalimu aliyaita maji magumu. Lakini hakutufundisha namna ya kuyashinda. Wewe unajua, kweli."

Sifa hiyo ilimgusa Hasina. Lilibaki jambo moja tu. Alikitazama kibaraza cheupe, akafungua kinywa amwambie mwenzake kwamba neru haiguswi na ndimu.

Wakati huohuo sauti ya Bibi ikasikika kutoka chumbani. "Kalondu, mwanangu, ulikunywa chai ukashiba? Kuna mhogo kwenye kapu."

Hasina akafunga kinywa. Alichukua bakuli lake na kwenda bafu la pili.

Kule alifanya kazi kwa nguvu kuliko siku zote, akijiambia kwamba atamwambia baadaye kidogo, kwamba huenda Kalondu anajua, kwamba mtu mwenye akili kama yeye hahitaji kuambiwa kila kitu. Alipotoka kwenda kuchota maji, alipita mbele ya bafu la kwanza. Mlango ulikuwa wazi. Mfereji wa Kalondu ulikuwa uking'aa, na Kalondu mwenyewe alikuwa ameinama juu ya kibaraza. Kulikuwa na michirizi hafifu ya maji juu ya neru, na mtoto wa watu, akitaka kumfurahisha Bibi, alikuwa ameimwagia ndimu. Mapovu madogo madogo yalikuwa yakichemka. Kalondu alikuwa akiyatazama kwa furaha akidhani ni uchafu unaotoka.

Hapo bado palikuwa na nafasi. Neno moja na ndoo moja ya maji vingetosha. Hasina alisimama kidogo tu, kisha akapita.

Bibi ndiye aliyegundua. Aliingia kukagua, na hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kibaraza, akakitembeza polepole kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Mng'ao ulikuwa umeondoka. Mahali ndimu ilipokaa palikuwa na baka pana, lililopauka, lenye kukwaruza kama ulimi wa paka.

"Nani ameweka ndimu hapa?"

"Ni mimi, Bibi," Kalondu alisema. Furaha ilimtoka usoni. "Nilitaka ing'are. Sikujua."

"Hasina hakukuambia?"

Kalondu alimtazama Hasina. Hasina aliitazama sakafu.

"Sikumbuki, Bibi," Kalondu akajibu kwa sauti ndogo. "Labda aliniambia. Alinifundisha mambo mengi."

Bi Twaiba alipoitwa alisimama mlangoni, mkono kifuani. Alisema kibaraza kile marehemu baba yake alikisugua kwa mikono yake mwenyewe, akiwa tayari mzee, na kwamba wageni itabidi wahamishiwe chumba kingine. Bibi alimwomba radhi. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa watoto ni yeye aliyewaleta, na hakutaja jina la mtu. Bi Twaiba alimheshimu Bibi, lakini alikuwa ameumia. Alisema kazi ya Bibi hana neno nayo, ila mtoto huyu mgeni asikanyage tena mle ndani.

Walipanda tuktuk wakarudi Mwabungo. Kapu la ndimu lilikuwa miguuni pa Kalondu, naye hakulipakata tena.

Walipofika nyumbani, Kalondu alianza kukunja nguo zake. Alimwambia Bibi kwamba jirani yao, Mzee Mulinge, angeshuka sokoni Ukunda siku ya Jumatatu, basi angerudi naye Shimba Hills. Hakutaka kumharibia Bibi kazi. Bibi akamuuliza uji wa mama yake utapelekwa na nani. Kalondu alipangusa macho kwa bega na kuendelea kukunja.

Hasina alikuwa amekaa kizingitini akisikia yote. Hiki ndicho alichokitaka. Jumatatu kitanda kitarudi kuwa cha watu wawili, na kijiko cha birika kitarudi mkononi mwake. Alingojea moyo ufurahi. Moyo haukufurahi. Akajua pia kwamba akisema ukweli, Bibi atamtazama kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo, na pengine hatamwita mwanangu tena maisha.

Magharibi ilipokwisha, waliketi mkekani kula wali na mchuzi wa nazi. Kalondu alipakua, kama alivyozoea tangu alipofika, kisha akasema hana njaa akaenda kukaa uani. Hasina aliangalia sahani yake. Pembeni kulikuwa na kipande kikubwa cha ukoko, kikavu, chenye rangi ya kahawia, kile anachokipenda kuliko wali wenyewe. Kila usiku alikikuta hapo.

"Ahsante, Bibi," alisema kwa mazoea.

"Ya nini?"

"Ya ukoko."

"Si mimi," Bibi alisema. "Tangu aje, Kalondu ndiye anayekuwekea. Siku ya kwanza aliniuliza, Hasina anapenda nini? Nikamwambia anapenda ukoko. Akasema hata yeye anaupenda, lakini wewe ndiye mwenye nyumba."

Hasina alikiinua kipande kile mpaka karibu na mdomo. Hakikwenda. Akakirudisha kwenye sahani, na machozi yakaanza kumtoka bila kuomba ruhusa.

"Bibi, sikumwambia habari ya neru," alisema. "Sikusahau. Nilikumbuka, nikanyamaza. Na nilimwona akimwaga ndimu, nikapita."

Bibi aliacha kula.

"Kwa nini, Hasina?"

"Unamwita mwanangu. Na amelala mahali pangu. Na birika..." Hakuweza kumaliza. "Sasa utampenda yeye zaidi, najua."

Bibi alinawa mikono polepole, akajisogeza mpaka karibu naye.

"Ulipougua surua ulilala wapi?" aliuliza.

"Katikati," Hasina alisema. "Kati yako na shangazi, alipokuwa bado anakaa nasi."

"Mtoto mwenye shida hulazwa katikati. Hapo si mahali pa mtu, ni mahali pa shida. Na wewe ulidhani mapenzi yangu ni sinia ya wali, akija mwingine kula wewe utalala njaa." Alimfuta uso kwa pembe ya kanga. "Nimekasirika nawe, na hasira yangu haitaisha usiku huu. Lakini hasira ni kitu kimoja, na kukupenda ni kitu kingine. Sasa inuka. Kuna mtu uani anayefikiri ni mjinga, na wewe unajua si mjinga."

Hasina alitoka. Alimweleza Kalondu yote, hata lile la kupita mlangoni, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Kalondu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Kalondu alisema alikuwa ameshinda mchana kutwa akijiuliza kama kweli aliambiwa akapuuza. Akasema alikuwa amemwonea wivu Hasina pia, kwa kuwa yeye anaamka kila siku na Bibi yuko, na hakuna anayemwambia asubiri saa ya kuona wagonjwa. Hakusema amesamehe. Lakini waliporudi ndani alikivunja kile kipande cha ukoko katikati, akala nusu.

Siku ya pili, Kalondu alipotoka kanisani, walikwenda Galu wote watatu. Bibi alikaa barazani akamwacha Hasina aingie peke yake kwa Bi Twaiba. Bi Twaiba alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwa kuharibika kwa kibaraza alikasirika, na kwa hili amekasirika zaidi. Ila alimwona amekuja kwa miguu yake na kusema kwa mdomo wake, na hilo atalihesabu. Alitoka nje akamwendea Kalondu.

"Jana nilikufukuza kwa kosa lisilokuwa lako lote," alimwambia. "Niwie radhi, binti. Mlango uko wazi."

Kisha akamwita fundi Kibwana, aliyejifunza kazi ya chokaa kwa marehemu baba yake, na akatoa amri yake: fundi atapaka, Hasina atasugua. Kalondu alisema naye atasugua. Hakuna aliyemlazimisha.

Kazi ilikuwa ya mikono hasa. Fundi Kibwana aliparuza lile baka, akapaka tabaka jembamba la chokaa iliyolowekwa siku nyingi, kisha akawapa kila mmoja jiwe laini la ufukweni na kipande cha sabuni. Walisugua kwa kuzungusha, kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Hasina akichoka, Kalondu hushika. Kalondu akienda Msambweni na uji, Hasina hushika. Fundi aliwatania kwamba wanasugua kama watu wanaokuna upele. Mwishowe mng'ao ulianza kurudi, hafifu mwanzoni, kama ngozi ya mtu anayepona.

Siku ya mwisho ya kazi Bibi alikuja kukitazama kibaraza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawaita wote wawili karibu.

"Lile gamba la kwenye mfereji na hii neru ni ndugu," alisema. "Vyote asili yake ni chokaa. Ndimu haina macho ya kujua ipi ni uchafu na ipi ni kazi ya mikono ya mtu. Ikikuta chokaa inakula. Ndiyo maana anayeishika lazima awe na macho kwa niaba yake." Akamgeukia Hasina. "Na wivu ni hivyohivyo, mjukuu wangu. Uliumwaga ili umpate Kalondu. Nao wivu ukala kibaraza cha watu, ukala jina langu, ukakugeukia wewe mwenyewe. Kuusikia moyoni si dhambi, hata mimi nausikia. Ukiusikia, njoo useme. Ukiuficha ukaunyamazia, ndipo unapochemka mapovu."

Hasina aliinamisha kichwa. Kalondu alikuwa ameshaanza kuufuta mfereji kwa kitambaa kikavu, maana tone moja lilikuwa limesalia kwenye mdomo wa mfereji huo.

Wiki ya mwisho ya likizo Nzisa aliruhusiwa kutoka hospitalini. Alikuja Mwabungo kwa magongo kumshukuru Bibi, akaketi barazani, akanywa chai iliyotoka katika birika safi. Mzee Mulinge aliegesha pikapu yake ya mizigo chini ya kivuli, akawangoja. Kalondu alifunga mkoba wake. Hasina aliubeba mpaka nje, akauweka vizuri ili usidondoke, kisha akasimama pale akiuchezea mkanda wake asijue aanzie wapi.

"Likizo ya Disemba uje tena," alisema hatimaye. "Uje hata kama huna mgonjwa. Birika tutalikwangua wote, na kitandani mimi nitalala ukutani."